Kikomboleo cha Mtani

Kwa mwaka mmoja na miezi minne, kila baada ya siku kumi na nne, Mwamvita binti Shomari alifunga kibanda chake cha asali sokoni Tabora, akajitanda kanga, akapanda bajaji kwenda mahakamani kusikiliza maneno yale yale. Wakili wa serikali alisimama, akasema upelelezi haujakamilika, akaomba tarehe nyingine. Hakimu akaandika. Washtakiwa wawili wakarudishwa rumande. Shughuli nzima haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai, lakini Mwamvita hakukosa hata mara moja. Kuna siku alikwenda na homa, na kuna siku maji ya mvua yalifunga barabara ya Gongoni akavua viatu, akapandisha gauni, akavuka kwa miguu.

Watu wa sokoni walimsifu. "Ndugu wa damu wamemkimbia yule mwanamke," walisema, "huyu Mzaramo asiye hata ndugu hakosi." Yeye akisikia hivyo aliinama akajifanya anafuta chupa, maana angeinua uso wangemsoma. Hakwenda mahakamani kwa wema. Alikwenda kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi ili aone kama bado linauma. Lilikuwa bado linauma.

Kesi yenyewe nchi nzima iliijua. Magazeti yaliiita Kesi ya Itundwe, kwa jina la kijiji cha upande wa Sikonge ambako mfuga nyuki mmoja, Zablon, alisimama mlangoni mwa darasa walimokuwa wamekutana wanakijiji, akiwa na bunduki ya mitutu miwili aliyorithi kwa baba yake. Alipomaliza, watu watano walikuwa wamekufa na wanne wamejeruhiwa. Hakukimbia. Alikaa kizingitini akangoja polisi, na tangu saa ile hakusema neno na mtu yeyote. Hakimu akimwuliza jina lake, askari ndiye aliyemjibia.

Waandishi walikuja mpaka kutoka Dar es Salaam. Vijana wa televisheni za mtandaoni walisimamisha simu zao kwenye vijiti nje ya geti la mahakama wakahoji kila aliyepita, hata muuza karanga, ambaye naye alitoa maoni marefu ya kisheria. Na kwa kuwa mshtakiwa wa kwanza alikuwa bubu wa kujitakia, wote walimgeukia wa pili. Huyo ni Dafrosa, mke wake. Picha yake akishuka kwenye karandinga, uso kaufunika kwa kanga na pingu zinaonekana, ilizunguka kwenye simu zote za nchi na maneno haya chini yake: mke aliyempa muuaji bunduki.

Hapo ndipo palipokuwa na uongo. Dafrosa hakumpa mumewe bunduki. Aliyempa alikuwa Mwamvita.

Mwamvita ni Mzaramo wa Tabora. Babu wa babu yake aliingia na misafara kutoka pwani, akaonja asali ya huku, akaoa, na ukoo wake haujarudi Bagamoyo hata kwa matembezi. Zablon ni Mnyamwezi. Na Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu siku zile mmoja alipobeba pembe za ndovu mpaka kwa mwenzake, na mwenzake akamcheka mabega. Kila mtu huku anajua mtani ana ruhusa gani. Atakutukana mbele ya wakwe zako nawe ucheke. Msibani, wengine wakilia, ataiga mwendo wa marehemu. Akitaka atabeba mali ya mfiwa, iwe kuku, sufuria au baiskeli, na mwenyewe haruhusiwi kununa. Atakwenda kukikomboa kitu chake kwa zawadi ndogo, na akishaleta kikomboleo, mtani naye haruhusiwi kukataa. Akikataa si mtani tena, ni mwizi.

Kwa miaka ishirini Mwamvita alinunua asali kwa Zablon, na kwa miaka ishirini walitukanana. "Mpagazi wee, umebeba nini leo?" alimwita kwa mbali. "Nimembebea Mzaramo mvivu chakula, maana jembe halijui," Zablon alijibu. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mikono iliyozoea kuumwa na nyuki. Watu wakimsikia Mwamvita akieleza hivyo leo humkata jicho, kwa hiyo aliacha kueleza.

Mambo yalianza kuharibika mizinga ya Zablon ilipoungua. Mizinga arobaini, kazi ya maisha, iliteketea porini kwa moto ambao hakuna aliyekiri kuuwasha. Zablon alisadiki kwamba viongozi wa kijiji waliuwasha makusudi ili pori lile lipate kugawiwa wafugaji. Labda ni kweli, labda si kweli. Hata polisi hawakupata jibu. Aliacha kula vizuri, aliacha kutania, akawa anakaa barazani na ile bunduki magotini, anaifuta kwa kitambaa toka asubuhi mpaka jioni. Kisha mama yake akafariki, na hata siku ya mazishi alikaa nayo.

Mwamvita alikwenda kwenye msiba ule na wenzake watatu wa sokoni. Alipoingia jikoni kusaidia kupika, Dafrosa alimvuta nyuma ya kuni. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi peke yake.

"Dada Mwamvita, wazee wamemwomba ile bunduki, amekataa. Mchungaji amemwomba, amekataa. Kaka yake amejaribu kuishika, kamtazama jicho ambalo sijawahi kuliona. Wewe ni mtani. Wewe peke yako ndiye utakayeweza. Ichukue, nenda nayo mjini."

"Nikaipeleke wapi, mdogo wangu? Mimi na bunduki wapi na wapi?"

"Popote. Mbali naye. Na usimpe, hata akija na ng'ombe."

Mwamvita akapiga moyo konde. Akajipaka majivu usoni, akavaa sufuria kichwani, akatoka uani akipiga kelele kwamba Wanyamwezi hawa wanazika bila kuwalipa watani wao. Akamwendea Zablon, akacheza mbele yake, akamwimbia kwamba babu yake alibeba mizigo mpaka pwani na akarudi bila hata kigoda cha kukalia, kisha akaiparamia bunduki akaivuta. Zablon alimtazama yule mwanamke wa miaka hamsini na sufuria kichwani, akaachia mikono. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza toka mizinga iungue. Wanawake wakapiga vigelegele, na Dafrosa akaketi chini palepale akalia.

Wenzake wakibaki matangani, Mwamvita alirudi nayo Tabora imefungwa ndani ya mkeka, katikati ya ndoo za asali, na njia nzima alikuwa kifua mbele. Aliona amewaokoa watu. Na kweli aliwaokoa, kwa siku tisa.

Katika siku tisa hizo kifua kilishuka. Aliisukuma ile bunduki uvunguni, na kila alipolala aliihisi mgongoni. Gari la polisi likipita barabarani kijasho chembamba kilimtoka, maana hata asiyejua sheria anajua kwamba bunduki ya mtu mwingine uvunguni mwako haina maelezo. Siku ya tisa, mchana, Zablon alibisha hodi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi alikuwa na jogoo na ndoo ya asali ya nyuki wadogo, ile ambayo haipatikani hata kwa dawa.

"Mtani," alisema, "nimekuja kumkomboa mateka wangu."

Mwamvita alicheka, akamwambia jogoo yule ni wa msaada, amekondeana kama bwana wake. Zablon akajibu kwamba Mzaramo hajawahi kufuga hata kuku wa kumlinganisha. Walitukanana vizuri kama zamani, na moyo wake ukatulia, akaona mtu wake amerudi. Hata hivyo alisita. Akasema njoo Jumapili, akasema funguo zimepotea. Jirani yake, mzee Mustafa, fundi wa kushona kofia aliyekuwa barazani kwake akitoboa kofia na kusikiliza kila kitu, akadakia, "Mpe mtani wako, bwana. Kikomboleo kimeshafika. Unataka kuwa mwizi uzeeni?"

Akampa.

Mwaka mzima baadaye Mwamvita alikuwa bado anaipasua dakika ile na kuichungulia ndani. Alimpa kwa kuwa mila ilisema ampe? Ndiyo. Kwa kuwa aliona aibu mbele ya Mustafa? Ndiyo. Kwa kuwa Zablon alionekana mzima? Ndiyo, hilo nalo. Lakini chini ya yote kulikuwa na jambo moja ambalo hakupenda kulitazama: aliichoka ile bunduki. Aliiogopa, alitaka itoke uvunguni mwake, na mwenye mali alipokuja kuichukua alifurahi. Aliahidi moyoni kwamba jioni atampigia Dafrosa simu amwambie. Jioni ikapita. Alijua atalaumiwa, akaona haya. Akasema kesho. Kesho zilikuwa tano, na siku ya sita Itundwe ikatangazwa redioni.

Mpelelezi aliyekuja kwake baada ya siku tatu alikuwa mtu mstaarabu. Alimwamkia, akakaa, akakataa asali. Akasema watu wengi wa msibani wamesimulia jinsi mtani alivyochukua bunduki. Je, baada ya hapo ilikwenda wapi? Mwamvita alifungua kinywa na ukweli ulikuwa palepale kwenye ulimi. Kisha akaiona karandinga, akaona milango ya gereza, akajiona yeye, mjane mwenye jina safi mtaa mzima, akiulizwa kwa nini alilala juu ya bunduki siku tisa na akamrudishia muuaji kwa jogoo.

"Ilikuwa utani tu, baba," alisema. "Sikuondoka nayo. Nilimkabidhi mkewe jikoni jioni ile ile, nikapanda gari na mkeka wangu."

Mpelelezi akaandika. Akamsomea, Mwamvita akatia sahihi.

Anaapa kwamba hakudhani. Alifikiri Dafrosa ataulizwa swali moja, ataeleza, na mambo yatatoweka kama moshi. Wiki moja baadaye Dafrosa alipandishwa kizimbani pamoja na mumewe kwa shtaka la mauaji, shtaka ambalo huku halina dhamana. Mtoto wao mmoja, Pelagia, msichana wa miaka saba, alibaki hana pa kwenda, maana ndugu wa pande zote mbili waliogopa hata kulitaja jina la baba yake. Mwamvita alimchukua. Alimnunulia sare, akamsuka, akamfundisha kupima asali bila kumwaga. Mtaa ukamsifu tena. Usiku mtoto alilala kitanda kile kile kilichokuwa na bunduki uvunguni, na Mwamvita hakuweza kumtazama akiwa amelala.

Hivyo ndivyo siku kumi na nne zilivyofuatana na siku kumi na nne, mpaka asubuhi moja wakili wa serikali aliposimama na, badala ya maneno yale yale, akasema upelelezi umekamilika. Jalada linakwenda Mahakama Kuu. Leo washtakiwa watasomewa maelezo ya mashahidi wote, ili wajue wanakwenda kujibu nini.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, maana habari ilikuwa imevuja na wale wa vijiti vya simu walikuwa wamerudi. Mwamvita alibanwa kwenye benchi la nyuma kando ya mama mmoja mwenye kilemba cheusi. Walisalimiana. Mama yule alisema anatoka Itundwe, ni mjane wa Adriano, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa wa kwanza kuanguka.

"Yule mwanaume simshangai," mjane alinong'ona, akimwonyesha Zablon kwa kidevu. "Yule aliharibikiwa, kila mtu aliona. Mimi namshangaa mwanamke mwenzangu. Bunduki ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Angeificha tu, dada yangu. Angeificha tu, Adriano angekuwa anapalilia tumbaku yake saa hizi."

Mwamvita alijaribu kusogea, lakini benchi halikuwa na nafasi.

Maelezo ya shahidi mmoja baada ya mwingine yalisomwa kwa sauti kavu. Waliolala chini ya madawati. Mwalimu aliyefunga mlango wa ofisi. Daktari aliyepokea maiti. Saa nne, saa tano. Kisha wakili wa serikali akafungua karatasi nyingine: "Shahidi wa kumi na mmoja, Mwamvita Shomari, mfanyabiashara wa asali, mkazi wa Tabora."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Nilimkabidhi mkewe jikoni jioni ile ile. Yalisikika ya kweli kabisa, na hilo ndilo lililomtisha. Yeyote angeyaamini. Yeye mwenyewe, kama asingekuwa Mwamvita, angeyaamini. Mjane wa Adriano alitikisa kichwa na kusema taratibu, "Umesikia?"

Kizimbani Dafrosa hakugeuka. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, anasimama wima kama mwanafunzi anayesubiri kuadhibiwa. Kusoma kulipokwisha, hakimu aliwauliza washtakiwa kama wana la kusema, ingawa si lazima waseme. Zablon alitazama sakafu. Dafrosa akasema ana neno moja.

"Mheshimiwa, sina la kusema juu ya hayo yaliyosomwa. Naomba tu mtoto wangu abaki pale alipo. Anatunzwa vizuri. Asihamishwe."

Watu waliguna. Wale wa simu waliandika kwamba mke wa muuaji hakukanusha. Mwamvita alitaka kusimama apige kelele, lakini hakusimama. Huo ndio ukweli wake, na hatuwezi kumpamba: alikuwa na ukumbi mzima, na hakimu mbele yake, na akakaa.

Nyuma ya mahakama kuna uwazi ambapo mahabusu husubiri gari. Askari magereza wa kike aliyekuwa zamu alimjua Mwamvita kwa kumwona mara zote hizo, akamruhusu apeleke mkate na maji, dakika mbili, asizidishe. Dafrosa alipokea mkate kwa mikono miwili.

"Pelagia hajambo?"

"Hajambo. Amekuwa wa tatu darasani." Kisha Mwamvita akaanza kulia, kilio kisicho na sauti, cha kutetemesha mabega. "Dafrosa, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyempa. Alikuja na kikomboleo, nikampa. Halafu nikasema ni wewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliporudi nayo jioni ile nilimwuliza. Akasema mtani kanipa. Akanawa, akala, akalala vizuri." Dafrosa aliongea taratibu kama mtu aliyekwisha kuyarudia maneno hayo mara nyingi peke yake. "Nikawaza, ikiwa Mwamvita kampa, basi Mwamvita kamwona amepona. Nikaiacha mlangoni, sikuificha. Nilikuamini wewe, dada."

Mwamvita alishika nguzo. Mwaka mzima alijihesabia makosa mawili, la kutoa bunduki na la kusema uongo. Hili la tatu, la kuaminiwa, hakulijua.

"Kwa nini hukusema? Walipokusomea uongo wangu kule polisi, kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nikaambiwa Pelagia yuko kwako. Nikafikiri, nikisema watamchukua Mwamvita, na mimi sijui kama wataniachia. Basi mtoto atabaki na nani? Nyumbani kwetu hawamtaki, kwa baba yake hawamtaki." Akamtazama usoni, bila hasira, na Mwamvita angependa hasira kuliko mtazamo ule. "Usiende kusema, dada. Umeshakosea mara moja, usikosee tena kwa kutaka kuniokoa. Mlee mwanangu tu."

"Watakunyonga, Dafrosa."

"Labda hawatanyonga."

Askari akasema dakika zimekwisha.

Jioni ile ile Mwamvita alikwenda ofisini kwa Naushad, wakili aliyepewa kesi ya Dafrosa. Ni kijana wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa la wazazi wake chini na ofisi juu; mama yake, bi Nurjahan, hununua asali kwa Mwamvita kila mwezi wa Ramadhani. Naushad alimwamkia shikamoo, akafunga mlango, akasikiliza yote bila kuandika hata mstari. Mwamvita alipomaliza, kijana alivua miwani akapikicha macho.

"Mama, nikuambie wazi kama mwanao. Ukisema haya, kesi dhidi ya Dafrosa inabaki haina mguu. Nitawaandikia waendesha mashtaka kesho hiyo hiyo, na naamini watamfutia, ingawa si siku moja wala mbili. Lakini wewe utaulizwa juu ya maelezo ya uongo, na juu ya kukaa na silaha isiyo yako. Na mwendesha mashtaka mwenye hasira anaweza kusema zaidi ya hapo. Ukiingia polisi asubuhi, usitegemee kulala nyumbani."

"Naelewa, baba."

"Kuna mtu mwingine aliyemwona akiichukua? Neno lako peke yako watasema unamlinda rafiki."

Mwamvita alirudi kwake Gongoni akamkuta mzee Mustafa barazani, kofia mkononi, sindano mdomoni. Alimwambia kila kitu. Mzee aliitoa sindano, akaichomeka kwenye kofia, akaitoa tena.

"Mimi sikuona kitu, Mwamvita," alisema mwishowe. "Niliona mtu na jogoo. Mkeka niliuona. Ndani ya mkeka sijui."

"Wewe ndiye uliyesema nimpe, mzee wangu."

"Nilitania! Mimi nina umri gani wa kuanza kusimamishwa mbele ya mahakimu?" Mwamvita alitaka kumkasirikia, akashindwa. Uoga ule aliufahamu, aliwahi kuuvaa, tena aliuvaa mwaka mzima na miezi minne. Mkewe Mustafa, bi Shamila, alitoka ndani akasimama mlangoni. Alimtazama mumewe mpaka mzee akageuza uso.

"Mtoto mlete kwangu," bi Shamila alisema. "Atalala na wajukuu. Na huyu kesho nitazungumza naye mimi."

Asubuhi Mwamvita aliamka mapema, akachemsha uji, akamvalisha Pelagia sare ingawa mtoto alikuwa na miaka minane sasa na alijua kujivalisha. Kwenye kikapu chake mwenyewe aliweka kanga mbili, mswaki na dawa ya presha. Pelagia alikitazama kikapu.

"Bibi, unakwenda mahakamani? Leo si siku yake."

"Leo nakwenda polisi. Ukitoka shule nenda kwa bibi Shamila, utakaa kwake."

"Mpaka lini?"

Mwamvita alikuwa amejiandaa kusema mpaka jioni. Alikuwa fundi wa kusema hivyo. Alivuta kigoda, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Pelagia, nisikilize. Mama yako hakufanya kosa lolote. Bunduki ya baba yako niliirudisha mimi. Halafu polisi waliponiuliza, nikasema mama yako ndiye aliyekuwa nayo. Nilisema uongo, wakamfunga kwa uongo wangu. Leo nakwenda kuwaambia kweli."

Mtoto hakulia. Alichezea kamba ya begi lake.

"Ukiwaambia watamwachia?"

"Wakili anaamini watamwachia."

"Mbona hukuwaambia siku zote hizo?"

Kwa polisi alikuwa na maneno, aliyapanga usiku mzima. Kwa hakimu alikuwa nayo, hata kwa mjane wa Adriano, kama ipo siku atathubutu kukaa tena kando yake. Kwa mtoto huyu alitafuta, akakuta neno moja tu.

"Niliogopa."

Pelagia alimtazama kidogo. Kisha alibeba begi, akatoka, akapita mbele ya baraza la mzee Mustafa bila kusalimia, akashika njia ya shule. Kila asubuhi kwenye kona ya msikiti alikuwa akigeuka na kupunga mkono, na Mwamvita alisimama mlangoni kumngoja. Leo hakugeuka. Mwamvita alingoja hata baada ya kona kuwa tupu, kisha akachukua kikapu akaenda.